Kabla Pleti Haijachomwa: Uchapaji Juu ya Bati na Msomaji wa Delta ya Rufiji

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana wa Kibiti, na ninyi mliotoka Salale, Mbuchi na Maparoni mkaja kwa maji hadi Nyamisati ndipo mkapanda gari: nimeombwa nieleze ufundi wangu. Ufundi wangu ni maandalizi ya uchapaji, yaani kazi yote inayofanyika kabla mashine haijaanza kuzunguka. Leo sitagusa vitabu wala magazeti. Nitazungumzia bati: kopo la maziwa ya unga, kisado cha rangi, kizibo cha soda, kopo la dawa ya mbu ya kupuliza, na kile kibao cha namba ya nyumba kilichopigiliwa juu ya mlango.

Kwa nini bati, na kwa nini hapa? Kwa sababu ya maji. Aprili 2024 mto ulipofurika uliingia mashambani na majumbani mwa watu, Rufiji na Kibiti. Kopo lenye lebo ya karatasi likilala ndani ya maji, lebo hubanduka. Kinachobaki ni chuma kitupu, na hakuna awezaye kusema ndani mna nyanya, mna maziwa au mna gundi. Kopo lililochapwa juu ya bati lenyewe likiokotwa kwenye tope bado linajieleza. Na tuseme mwaka hauna mafuriko: bidhaa za duka la Delta huvuka kwa boti, hupigwa na upepo wa chumvi, hukaa juu ya mbao zenye unyevunyevu. Karatasi haidumu katika hali hiyo. Yanayodumu ni maandishi ya bati, na yule aliyeyaandaa, hata kama yuko Dar es Salaam, Nairobi au Mumbai, anamwandikia mtu wa Mbuchi, ajue asijue.

Niuseme msimamo wangu mapema. Maandalizi ya uchapaji wa bati yamepiga hatua kubwa katika miaka 30 iliyopita. Lakini hatua hizo zilikimbilia picha. Mananasi yanang'aa, ng'ombe anameremeta, na yale maandishi madogo yanayomwambia mama kiasi cha maji au kumwonya mtoto asiguse yameachwa nyuma.

Nimekuja na kibatari. Kipitisheni kwa mkono, pamoja na lenzi hii. Fundi alikata kopo, akalikunja, akatia mshono wa risasi na kuweka bomba la utambi. Upande wa picha ameuacha nje, ndiyo maana tumboni mwake mnaona nusu ya ng'ombe na herufi tatu zilizolala ubavu. Weka lenzi kwenye ule mwili wa ng'ombe wa rangi ya kahawia. Hakuna kahawia pale. Kuna nukta za majenta, nukta za njano, chache za sayani na nyeusi, zimepangwa kwa pembe mbalimbali, na jicho lako ndilo linalozichanganya. Sasa angalia hapa kwenye mkwaruzo. Juu kabisa ni vanishi. Chini yake wino. Chini ya wino ni rangi nyeupe nzito, maana bila nyeupe hiyo njano ingeonekana kama matope juu ya chuma. Chini ya nyeupe ni laka ya kushikia, kisha madini ya stani, gramu chache tu kwa kila mita moja ya mraba, ndipo tunafika kwenye chuma chenyewe, ambacho unene wake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Na pale tabaka zote zilipopasuka, kutu imeshaanza.

Karatasi hunywa wino. Bati halinywi. Wino juu ya bati hukaa kama maji juu ya jani la gimbi, na lazima uchomwe kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 150 na zaidi, au ukaushwe kwa taa za urujuanimno, ndipo ushike. Shida zote za ufundi huu zinaanzia hapo. Mpira wa mashine unapokandamiza nukta juu ya kitu kisichonywa, wino hukimbilia pembeni na nukta hunenepa. Uliandaa kivuli cha asilimia 50, kikatoka 65 au zaidi. Kwa hiyo mtu wa pleti, lile bamba linalobeba mchoro mashineni, hana budi kuikondesha nukta mapema, akijua itakavyonenepa baadaye. Asipofanya hivyo, hakuna fundi wa mashine atakayemwokoa.

Historia ya kazi hii inawashangaza hata wachapaji wenyewe. Alois Senefelder alianza kuchapa kwa jiwe huko Ujerumani mwaka 1796: mafuta na maji havichangamani, basi ukichora kwa mafuta juu ya jiwe lililoloa, wino utashika mchoro peke yake. Juu ya karatasi njia hiyo ilifaa. Juu ya bati haikufaa, kwa kuwa jiwe ni gumu na bati ni gumu, na vigumu viwili havipeani wino vizuri. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London akapata hataza ya mashine yenye silinda ya kati: jiwe linaipa silinda wino, nayo silinda, iliyovikwa kitu laini, inalipa bati. Karatasi ilisubiri hadi mwaka 1904, Ira Rubel wa Marekani alipoijengea mashine ya mtindo huohuo yenye blanketi la mpira. Leo karibu kila gazeti na kila kitabu cha shule mnachokiona kimechapwa kwa njia ya blanketi, na njia hiyo ilizaliwa kwa ajili ya makopo ya biskuti.

Kwetu Afrika Mashariki kopo lilikuja kwanza kama debe la mafuta ya taa, lita 18 na ushei, likabaki kuwa kipimo cha nafaka hata mafuta yalipokwisha. Baadaye vikaja viwanda. Metal Box ya Uingereza, kampuni ambayo mwaka 1922 ilijiita Metal Box and Printing Industries, kwa maana iliona kopo na uchapaji ni kazi moja, ilikuwa na viwanda Thika na Dar es Salaam, ambavyo baadaye vikawa chini ya Nampak ya Afrika Kusini. Kahawa ya Africafé ikawekwa ndani ya kopo lililochapwa. Kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo likawa kipimo sokoni Kenya nzima. Mashine tunazo, na mafundi wa mashine tumekuwa nao.

Kilichobadilika ni maandalizi. Zamani chumba chake kilikuwa na kamera kubwa kama kabati. Picha ilipigwa mara nne kupitia vichujio, kila rangi na filamu yake. Filamu zikapangwa juu ya meza ya kioo chenye taa, zikakatwa kwa wembe, zikagundishwa kwa mikono, kisha zikalazwa juu ya pleti ya alumini na pleti ikachomwa kwa mwanga. Vumbi moja likiingia kati ya filamu na pleti, doa moja linajitokeza kwenye makopo laki moja. Katika maonyesho ya uchapaji ya Drupa ya mwaka 1995 kule Düsseldorf, kampuni nyingi zilileta mashine za kuchoma pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta kwa mwali wa leza. Filamu ikaanza kufa. Nukta ikawa na kingo kali, pleti nne zikalingana kwa usahihi ambao wembe haukuweza kuufikia, na nukta zenyewe zikawa ndogo kiasi kwamba leo kuna makopo ambayo hata kwa lenzi hii utahangaika kuziona. Viwanda vingine sasa vinaongeza rangi ya machungwa, kijani na urujuani juu ya zile nne, ili rangi ya kampuni isihitaji wino wa kuchanganywa kila mara. Haya ni maendeleo ya kweli, nami nayafurahia.

Chukueni sasa kizibo cha soda. Vijana wanaocheza drafti pale stendi wanavijua vizibo kuliko mimi, huyu akivilaza chali na yule kifudifudi. William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha namna hii mwaka 1892. Hesabuni meno yake: 21. Kizibo hakichapwi kikiwa kizibo. Linachapwa bati bapa, mamia ya duara kwa safu, ndipo linapelekwa kwenye mashine ya kukata na kukunja meno. Duara likihama nusu milimita, nembo inapanda begani. Na kile kinachoandikwa pembeni kabisa huvutwa na kukunjwa pamoja na meno, kwa hiyo mwandaaji lazima aandike herufi zilizopotoka kwa makusudi ili zikishakunjwa zinyooke. Kopo la rangi ya viatu na lile la sadini lililovutwa kwa kina ni kazi ngumu zaidi. Hapo zamani tulichapa miraba midogo juu ya bati, tukalivuta likawa kopo, tukapima kila mraba umepotoka kiasi gani, tukachora upya kinyume chake. Sasa programu ya kompyuta inafanya hesabu hiyo, lakini bado inahitaji mtu apime kopo halisi la kiwanda halisi, kwa kuwa chuma cha kila mtengenezaji hukubali kuvutwa kwa namna yake.

Kopo la maziwa lina mtego mwingine. Likunjueni akilini: ni bati bapa lililochapwa, likaviringwa, likachomelewa ubavuni. Umeme wa kuchomelea haupiti kwenye rangi. Basi mwandaaji huacha mstari mwembamba usio na kitu pande mbili za bati, na ndiyo maana kila kopo la namna hiyo lina mfereji wa fedha kutoka juu hadi chini. Kopo la alumini la soda halina mfereji huo. Lenyewe huvutwa kwanza likawa kopo, ndipo likachapwa likiwa duara, na mashine za kasi hufikia makopo 2,000 kwa dakika. Rangi zote hukutana kwanza juu ya blanketi moja kisha zikagusa kopo kwa mguso mmoja. Rangi zikipandana pale juu ya blanketi huchafuana, kwa hiyo kila rangi huachiwa uwanja wake na mpaka mwembamba kati yake na jirani. Tazameni kopo la soda kwa lenzi mtauona mpaka huo wa fedha ukizunguka kila herufi.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo, kwa kuwa chuma cha Delta kina historia yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huu tangu mwaka 1914, ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa majini, ikakokotwa hadi Dar es Salaam na kutengenezwa upya kwa vita vya nchi kavu. Katika vita hivyohivyo Wajerumani walikuwa wamezingirwa, hawana sarafu. Mwaka 1916 wakaanza kugonga zao Tabora kwa vifaa vya karakana ya reli: heller 20 za shaba na za shaba ya njano iliyotokana na maganda ya risasi, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Zile za dhahabu zilikuwa zaidi ya 16,000. Mihuri ilichongwa kwa mkono. Mpaka leo watoza sarafu hutenga aina mbili za rupia hizo kwa kuangalia ncha ya pambo moja inakomea chini ya herufi ipi katika neno OSTAFRIKA. Mkono uliochonga muhuri ulisogea kidogo, na miaka zaidi ya 100 baadaye msogeo huo unaonekana kwenye kila kipande. Kazi ya pleti ni hiyohiyo. Kinachokosewa kabla ya mashine hakikosewi mara moja.

Sasa nije kwenye yanayoniuma.

La kwanza ni herufi ndogo. Mistari ya herufi ya pointi 5 inaweza kuwa na unene wa sehemu ya kumi tu ya milimita. Mchoraji aliye mbele ya kioo cha kompyuta anaiona kubwa, anaipenda, anaiandika kwa nyeupe juu ya mandharinyuma ya rangi nne. Maana yake herufi hiyo ni tundu ambalo pleti nne lazima zilitoboe mahali pamoja. Bati limepita tanurini, limepinda kidogo, rejista, yaani mlingano wa rangi zote nne, imehama sehemu ya kumi ya milimita, na tundu limezibwa. Picha ya nanasi haijaharibika hata kidogo, kwa hiyo mkaguzi anaipitisha. Na katika Kiswahili katazo lote limo ndani ya silabi moja. Kopo la dawa ya kupuliza limeandikwa "usitoboe, usichome moto". Izibeni ile "si" kwa wino mkasome kilichobaki.

La pili ni nafasi ya lugha yetu juu ya bati. Kopo moja husanifiwa kwa ajili ya nchi nyingi, likabeba Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu, na Kiswahili hupewa ukanda uliosalia, mara nyingi karibu na ule mfereji wa mshono ambako bati hupata joto la kuchomelewa na kupakwa laka tena. Maneno yetu marefu hukatwa mwisho wa mstari na programu iliyofundishwa kukata Kiingereza. Prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, husainiwa na mtu asiyeisoma lugha hiyo. Nimewahi kushika prufu ambayo vipimo vya kuchanganya dawa vilikuwa sahihi kwa lugha tatu na vimegeuzwa kwa Kiswahili. Iliyosahihishwa ni hiyo moja, kwa sababu ilipitia mezani kwangu.

La tatu ni prufu yenyewe. Tunapitisha rangi na maandishi kwa karatasi nyeupe iliyochapwa kwa wino wa matone, wakati kazi itatoka juu ya chuma kilichopakwa nyeupe, kikachomwa, kikapakwa vanishi. Nyeupe ya bati ikipita tanurini mara nyingi hugeuka manjano kidogo. Viwanda vikubwa vya nje vina prufu za kuchapa juu ya kipande cha bati au karatasi ya kung'aa iliyowekewa wino mweupe. Kwetu gharama inazuia, na mteja mwenye oda ndogo hawezi kulipia. Mwekezaji mdogo wa Kibiti anayetaka kufunga korosho zake kwenye kopo lililochapwa atakutana na ukuta huohuo: pleti sita, mpangilio wa mashine, bati linalopotea kabla rangi hazijakaa sawa. Hesabu hiyo inataka makopo kwa maelfu mengi. Ataishia kwenye karatasi ya kugundisha, na tumeshaona maji yanavyoifanya.

Kwa mtu huyo naona tumaini katika uchapaji usio na pleti, ambapo matone ya wino hurushwa juu ya chuma na kukaushwa papo hapo kwa urujuanimno. Mfano mnao juu ya milango yenu. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliingia katika operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba. Fikirieni kazi hiyo kwa jicho la mtu wa pleti: kila kibao kina namba yake, hakuna viwili vinavyofanana. Huwezi kuchoma pleti kwa ajili ya nakala moja. Ama unatumia stensili na brashi, ama stika, ama mashine ya matone inayobadilisha namba kila inapogeuka. Kibao cha stika kikikaa jua la Nyamisati huinua pembe. Cha matone hudumu ikiwa bati lilisafishwa mafuta na kupakwa laka ya kushikia kabla, na huambuka kama ganda la yai ikiwa fundi aliruka hatua hiyo ili amalize mapema. Mashine ni mpya, maandalizi ni yaleyale ya zamani: usafi, laka, subira.

Kuhusu umeme, uhaba wa vipuri na bei ya pleti za kuagiza nimesikia mengi, na ni kweli, lakini hayo yanasemwa katika kila mkutano wa wachapaji. Ningependa tuzungumze kuhusu yale ambayo hayahitaji dola hata moja.

Tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kawaida hurushwa kwa wino wa matone kwenye kitako cha kopo, kiwandani, baada ya kopo kujazwa. Kitako ndicho kinachokaa juu ya ubao uliolowa. Kutu huanzia pale bati lilipokatwa na kukunjwa, kwa sababu makali ya mkato hayana stani ya kuyafunika, na mkunjo wa kitako uko hatua moja tu kutoka kwenye tarehe. Mwenye duka Maparoni anageuza kopo na kukuta duara la kahawia. Kuihamishia tarehe juu ya kifuniko au ubavuni ni uamuzi wa mchoro, uwanja mdogo mweupe unaoachwa wazi kwenye pleti.

Maonyo na vipimo viandikwe kwa nyeusi peke yake, pleti moja, juu ya nyeupe tupu. Hapo rejista ikihama, hakuna cha kuzibwa. Viwe mbali na mshono. Ulaya tangu Desemba 2014 imeweka sharti kwamba kwenye vyakula vilivyofungashwa herufi ndogo, ile x yenyewe, isipungue kimo cha milimita 1.2, isipokuwa kwenye vifungashio vidogo sana. Ningependa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, likipime kimo hicho juu ya kopo lililokwisha kuchapwa, kwa kuwa kwenye mchoro wa kompyuta kila herufi ni safi. Na prufu ya Kiswahili isomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja akishika andiko la asili na mwenzake akishika prufu, kabla pleti haijachomwa. Katika chumba chenye leza ya mabilioni, kazi hiyo huchukua dakika kumi.

Nimeona baadhi yenu mmekuja na makopo kama mlivyoombwa. Yawekeni hapa mezani, tuanze na yale ambayo hayasomeki.